Kadi ya nauli: hela yangu iko ndani ya kadi au iko kwao?

#1 Dirisha la Nyuma
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linaniumiza kichwa tangu juzi, naomba wenye ujuzi mnifumbue macho.

Natumia kadi ya nauli, ile ya kulipia kabla. Unajaza salio, unagusisha ukipanda, unagusisha ukishuka, unakatwa kwa umbali. Juzi usiku nilijaza kwa simu, ujumbe ukaja kwamba malipo yamepokelewa. Asubuhi nagusisha: taa nyekundu, salio halitoshi. Watu nyuma yangu wanasukumana, dereva ananitazama mimi. Nikashuka, nikaenda dirishani nikajaza kwa hela taslimu, nikarudi. Safari hii ikakubali. Nikagusisha kupanda, ikalia. Nikagusisha kushuka, ikalia. Jioni naangalia, nimekatwa nauli ya juu kabisa kama mtu aliyefika mwisho wa njia, na mimi nilishuka kituo cha tano.

Sasa nauliza: hela yangu iko wapi hasa? Kama imo ndani ya kadi, mbona niliyojaza kwa simu haikuonekana? Kama iko kwao kwenye seva, mbona ya dirishani ilionekana papo hapo?

#2 Fundi Redio
Hela imo ndani ya kadi. Tuanzie hapo.

Kadi yenyewe haina betri. Ndani ya plastiki kuna uzi wa shaba uliozungushwa pembezoni na chipu ndogo. Mashine inarusha mawimbi ya megahezi 13.56. Ukisogeza kadi kwa sentimita chache, ule uzi unavuna umeme kutoka kwenye mawimbi hayo na chipu inaamka. Kwanza wanahakikishana kwa siri, kadi inaijua mashine na mashine inaijua kadi. Wakikubaliana, mashine inasoma salio, inapunguza, inaandika salio jipya pamoja na kumbukumbu ya kituo, halafu inalia. Yote hayo ndani ya nusu sekunde hivi.

Niliwahi kuloweka kadi iliyokwisha muda kwenye asetoni usiku kucha. Asubuhi plastiki imelegea, imeachana tabaka kwa tabaka. Uzi ukabaki mkononi, mwembamba kama unywele, umezunguka mara nne, ncha zake mbili zimeshikizwa kwenye kidoa cheusi. Kidoa hicho ndicho kilikuwa kinashika hela zangu zote za nauli.

Kwa hiyo mleta mada, dirishani mashine iligusa kadi yako ikaandika. Simu haikuigusa kadi. Hela ya simu ilikuwa kwenye foleni, inasubiri kukutana na kadi.

#3 Msafiri Kafiri
Fundi, kwa heshima yako, hapo sikubaliani. Kadi yangu ilipotea mwaka jana. Nilikuwa nimeisajili kwa jina. Nikatoa taarifa, nikapewa mpya na salio lote likarudi. Ingekuwa hela imo ndani ya kadi ingepotea nayo, kama noti ikidondoka. Hela iko kwao. Kadi ni namba tu.

#4 Tiketi ya Karatasi
Nakaa mbele kabisa. Endeleeni.

#5 Kipanga
Nyote wawili mna nusu ya ukweli, kwa sababu mifumo iko ya aina mbili na watu wanaichanganya.

Kuna mfumo ambao salio linakaa kwenye kadi. Mashine inakata bila kuuliza mtu, hata mtandao ukiwa umekatika. Lakini kila mkato unaandikwa pia kwenye mashine na baadaye unapelekwa makao makuu, kwa hiyo kule kuna daftari la pili linalolifuata la kwanza kwa nyuma. Msafiri, wewe ulirudishiwa hela kutoka kwenye daftari la pili. Kadi yako ya zamani ikawekwa kwenye orodha ya kadi zilizofungwa, orodha ikasambazwa kwenye mashine zote. Ndiyo maana mara nyingi wanakwambia usubiri kidogo kabla ya kupewa salio: wanangoja mashine zote ziripoti, wajue aliyeiokota hakuitumia.

Mfumo wa pili ndio huo anaousema Msafiri: kadi ni namba tu, akaunti iko kwenye seva, nauli inahesabiwa huko. Chicago walihamia huko mwaka 2013. London, kadi za benki zilianza kukubaliwa kwenye mabasi Desemba 2012 na kwenye treni za chini ya ardhi Septemba 2014. Huko mashine inaandika tu kwamba kadi hii imeguswa hapa saa hii. Hesabu ya siku nzima inafanywa baadaye.

#6 Dirisha la Nyuma
Asante Kipanga. Nitajuaje yangu ni ya aina gani?

#7 Kipanga
Ukigusisha, mashine inakuonyesha salio lililobaki?

#8 Dirisha la Nyuma
Inaonyesha. Nambari zinapita haraka, lakini zinaonekana.

#9 Kipanga
Basi uwezekano mkubwa ni ya salio ndani ya kadi. Hili la kuonyesha salio si dogo. Singapore, Januari 2024, mamlaka ilitangaza kwamba kadi za aina ya zamani zitakoma Juni mwaka huohuo, watu wote wahamie mfumo wa akaunti. Abiria wakalalamika sana, na lililowaudhi zaidi ni kwamba getini hawataona tena salio wala kiasi walichokatwa. Mwezi haukuisha, uamuzi ukabatilishwa, na dola milioni 40 za kwao zikatengwa ili mfumo wa zamani uendelee. Mtu anataka kuiona hela yake inavyopungua. Mimi nawaelewa kabisa.

#10 Mama Wawili
Kaka mleta mada, pole. Mimi yalinikuta. Nilikuwa na kadi yangu na ya mwanangu kwenye pochi moja, nagusisha pochi nzima. Kupanda mashine ikashika yangu, kushuka ikashika ya mtoto. Yangu ikawa imeanza safari bila kumaliza, ya mtoto ikawa imeanza safari pale nilipokuwa namaliza. Zote mbili nauli ya juu. Hebu kumbuka, kadi yako ilikuwa peke yake?

#11 Mwanahesabu
Dada kasema kitu. Nami niongeze kwa nini nauli ya juu ipo kabisa, maana watu wanaiona ni adhabu.

Penye nauli ya umbali, mashine ya kupandia haijui unakwenda wapi. Iko njia mbili. Ya kwanza, inakata nauli ya juu ukipanda, halafu ukishuka inakurudishia kilichozidi. London ndivyo wanavyofanya kwa kadi ya Oyster kwenye reli. Uholanzi nako ukiingia kwenye treni kwa kadi ya salio inashikwa kiasi maalumu kwanza, ukitoka unarudishiwa tofauti. Njia ya pili, ukiingia inawekwa alama tu na ukitoka ndipo unakatwa. Hivyo ndivyo treni za Tokyo na Hong Kong zinavyofanya, kwa sababu kuna geti pande zote mbili. Bila kugusisha hutoki.

Basi halina geti la kutokea. Mlango unafunguka, watu wanamwagika. Kwa hiyo mwenye basi anashika hela kubwa kwanza na kukuachia wewe jukumu la kuja kuidai kwa mguso wa pili. Mguso wa pili ukipotea, kwa sababu yoyote ile, hasara inakuwa yako. Mimi hapo ndipo ninaponung'unika. Mashine ikikosea, anayeumia ni abiria, na anayetakiwa kuthibitisha ni abiria huyohuyo.

#12 Dirisha la Nyuma
Hapo kwenye kuthibitisha umenigusa. Nilipiga simu nikaulizwa, "Una ushahidi gani kwamba uligusisha?" Ushahidi gani nitakuwa nao? Mlio?

#13 Nusu Sekunde
Mkuu, wewe uliondoa kadi haraka. Hilo ndilo jibu, mengine yote ni maneno. Watu wanaipitisha kadi kama wanafukuza nzi. Chipu inahitaji muda ule umeme usikatike, ukiivuta mapema uandishi unabaki nusu.

#14 Fundi Redio
Nusu Sekunde, chipu nyingi za nauli zimetengenezwa kwa hilo hasa. Uandishi unakuwa wote au hakuna. Ukivuta kadi katikati, inarudi kwenye salio la mwanzo kana kwamba hukugusa, na mashine inakutaka urudie. Mleta mada kasema ililia.

#15 Nusu Sekunde
Ililia mlio gani? Ipo milio. Mmoja wa sawa, mwingine wa rudia. Ndani ya basi lililojaa nani anatofautisha?

#16 Fundi Redio
Hapo sawa, swali hilo ni la haki.

#17 Dirisha la Nyuma
Nakumbuka ni mlio mmoja mfupi. Lakini siwezi kuapa.

#18 Mzee wa Foleni
Teknolojia hii waliianzisha London, ndiyo maana inafuata taratibu zao. Sisi wengine tunaiga tu.

#19 Kipanga
Hapana mzee wangu. Seoul walikuwa na kadi za kugusisha kwenye mabasi mwaka 1996. Hong Kong wakaanza na kadi ya Octopus Septemba 1997, kwa chipu ya Sony. Tokyo wakaja na Suica Novemba 2001. Oyster ya London ni ya 2003. London ilikuta wenzake wamekwisha zoea.

#20 Tiketi ya Karatasi
Ngoja kwanza. Octopus si ni pweza? Na Oyster si ni chaza? Mbona nauli za mjini zinapewa majina ya baharini?

#21 Kipanga
Na Wellington, New Zealand, kuna Snapper, nayo ni samaki. Pweza wa Hong Kong ana sababu yake: jina la Kichina la kadi hiyo limebeba nambari nane, kwa maana ya kufika pande zote, na pweza ana mikono minane.

#22 Mama Wawili
Chaza naye anaficha lulu ndani. Jina zuri kwa kitu kilichoficha hela.

#23 Mwanahesabu
Suica wao wamechezea neno. Suika kwa Kijapani ni tikiti maji. Yaani wao tikiti na tiketi wameviweka pamoja kama sisi.

#24 Tiketi ya Karatasi
Hilo nimelipenda. Nabadilisha jina nijiite Tikiti la Karatasi.

#25 Yadi Usiku
Wakuu, nimewakuta mbali, lakini nilifanya kazi yadi ya mabasi miaka mitatu, zamu ya usiku, kazi yangu ilikuwa hizo mashine. Niseme nilichokuwa nakiona.

Mashine ya ndani ya basi haizungumzi na makao makuu kila unapogusa. Inajiwekea kumbukumbu zake, na basi likirudi yadi usiku linapakua kila kitu kwa mtandao wa pale na kupokea vipya: orodha ya kadi zilizofungwa, jedwali la nauli, na zile hela zilizojazwa kwa simu zinazosubiri wenyewe. Mleta mada alijaza usiku. Kama basi lake lilikuwa limekwisha kupakua kabla hajajaza, asubuhi lilitoka likiwa halijui habari zake. Hilo la kwanza limekwisha.

La pili ndilo zito. Mashine inajua iko kituo gani kwa setilaiti au kwa dereva kuibonyeza. Majengo marefu yakizuia, kituo hakisogei. Nimewahi kufungua kumbukumbu za basi lililozunguka mji siku nzima na mashine inaamini haijaondoka kituo cha kwanza. Au dereva anafunga safari na kufungua mpya katikati ya njia kwa sababu skrini imeganda. Hapo abiria waliomo ndani wanabaki na safari ya zamani ambayo mashine haiitambui tena. Wakigusisha kushuka, inawahesabu kama wanaopanda upya. Inalia vizuri kabisa, taa ya kijani, na kila mtu anaondoka akijua kamaliza.

Mleta mada, tafuta historia ya kadi yako. Usiangalie salio, angalia mistari.

#26 Chipukizi
Samahani kutoka nje kidogo. Kama salio limo ndani ya kadi na simu yangu inasoma kadi, siwezi kujiongezea mwenyewe?

#27 Fundi Redio
Simu inaweza kusoma baadhi ya kadi. Kuandika salio kunahitaji funguo za siri ambazo huna, na ni wizi.

Ila historia yake inafaa kujulikana. Chipu moja iliyotumika sana duniani, MIFARE Classic, usimbaji wake, yaani ile siri inayolinda data za kadi, ulivunjwa na watafiti. Mwaka 2008 kundi la Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, Uholanzi, walitaka kuchapisha kazi yao. Kampuni iliyotengeneza chipu ikaenda mahakamani kuwazuia, mahakama ikakataa kuwazuia. Kadi za Oyster za wakati huo zilikuwa za chipu hiyo, baadaye wakahamia yenye usimbaji mzito zaidi.

#28 Kipanga
Na hata ukiweza kuidanganya kadi, lile daftari la pili linakungoja. Usiku hesabu ikifanywa, kadi inayotumia hela zaidi ya zilizowahi kuingizwa inajitokeza yenyewe, na kesho yake imo kwenye orodha. Daftari la pili linamlinda mwenye kadi iliyopotea na linamnasa mwenye kadi ya ujanja.

#29 Mzee wa Foleni
Mimi nina uchungu wa namna nyingine. Marehemu dada yangu aliacha kadi mbili zina salio. Nikaenda kuulizia, nikaambiwa nilete hili na lile, karatasi juu ya karatasi, na kadi hazikusajiliwa kwa jina. Nikaacha. Hela hizo ziko wapi sasa? Mtu mmoja si kitu, lakini jumlisha mji mzima. Kila mtu ana kidogo kilicholala kwenye kadi iliyo kwenye droo. Anayekikalia ni nani?

#30 Mwanahesabu
Pole sana mzee wangu. Umeuliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Hela ya kulipia kabla ni deni. Wao wanatudai sisi? Hapana, sisi ndio tunawadai wao safari. Kadi ikisajiliwa una pa kushika. Isiposajiliwa, kadi yenyewe ndiyo hati yako, kwa hiyo wazee wetu tuwasajilie, tusiwaache.

#31 Msafiri Kafiri
Na ile amana unayolipa siku ya kununua kadi? Nayo ni hela.

#32 Kipanga
Amana ina kazi mahali pengine. Hong Kong kadi ya kawaida ina amana ya dola 50 za kwao, na kwa sababu hiyo mashine inakubali salio lishuke chini ya sifuri mara moja. Hukwami usiku kwa upungufu mdogo. Deni linakatwa ukijaza tena. Kama mleta mada angekuwa na kadi ya namna hiyo, asubuhi ile asingeshushwa.

#33 Dirisha la Nyuma
Wakuu, nimerudi. Nimeipata historia kama alivyosema Yadi Usiku. Naiandika ilivyo:

06:52 kuanza safari
07:31 kuanza safari

Basi. Hakuna kumaliza. Saa moja kasoro dakika nane nilipanda, ni kweli. Saa moja na nusu na dakika moja ndipo nilipokuwa nashuka, nao wameandika naanza. Na leo asubuhi nimeona nimekatwa nauli ya juu ya pili, ya hiyo safari isiyokuwepo.

#34 Yadi Usiku
Nilisema. Safari ilifungwa na kufunguliwa upya ukiwa ndani.

#35 Nusu Sekunde
Sawa, mguso wa pili uliandikika, hilo la kuvuta haraka nimeliacha. Lakini bado si lazima liwe la dereva. Ile hela ya simu imeingia lini?

#36 Dirisha la Nyuma
Nimeiona leo. Kwenye mistari ipo 07:31 hiyohiyo.

#37 Nusu Sekunde
Ndiyo hiyo! Mguso wa kushuka ndio uliopokea hela ya simu. Mashine ilikuwa na kazi mbili kwa mguso mmoja, kuingiza salio na kufunga safari, ikavuruga ya pili.

#38 Fundi Redio
Inawezekana, lakini mashine iliyotengenezwa vizuri inafanya zote mbili bila shida.

#39 Yadi Usiku
Kuna jambo hapo. Nilisema basi lilitoka yadi halijui habari za hela ya simu. Sasa basi hilohilo limezipata wapi saa moja na nusu, likiwa barabarani? Dirisha, kila mstari pembeni una namba ya basi. Zote mbili zinafanana?

#40 Dirisha la Nyuma
Wa kwanza una namba. Wa pili hauna, wameweka kistari.

#41 Mama Wawili
Uligusisha mashine ya ndani ya basi, au ile ya kwenye nguzo kituoni?

#42 Dirisha la Nyuma
Mlangoni palikuwa pamejaa. Nilishuka kwanza, nikagusisha ya kwenye nguzo.

#43 Yadi Usiku
Ya nguzo ina waya wa mtandao. Ndiyo maana ilijua hela zako za simu. Na mashine nyingi za kwenye nguzo ni za kuanzia safari.

#44 Msafiri Kafiri
Mimi namalizia kwenye nguzo kila siku mwaka wa pili huu, na sijakatwa zaidi hata mara moja.

#45 Dirisha la Nyuma
Nguzo ipi, Msafiri? Ina mashine moja au mbili?